Sista Feliciana, Muuguzi Aliyezima Mashine ya Mzee Luvanda

Miaka thelathini na moja ya utumishi wa Sista Feliciana Mgaya katika Kiwanda cha Mbao na Plaiwudi cha Luvanda na Wanawe, hapa Makambako, inafika tamati tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo muuguzi wetu atafunga mlango wa chumba cha huduma ya kwanza, atamkabidhi ufunguo Brightness Mlowe anayechukua nafasi yake, kisha ataelekea nyumbani kwake Kitandililo, ambako shamba la viazi linamsubiri, na mumewe, Mwalimu Linus, anamsubiri kuliko viazi.

Kamati ya maagano imenipa kazi ya kuandika habari zake kwa ajili ya kijitabu hiki cha sherehe. Nimefanya naye kazi tangu nilipokuwa napanga mbao uani, na zaidi ya mara moja nimekaa kwenye benchi lake nikiuma meno huku akinichomoa vibanzi kiganjani na kuniuliza kama nyumbani kwetu glovu zinaliwa.

Tuanze na hilo jina la Sista, tunalomwita kwa ajili ya uuguzi wake. Wageni wengi wakisikia tunamwita hivyo, tena wakimwona na rozari yake shingoni, hudhani ni mtawa. Msambazaji mmoja wa gundi kutoka Dar es Salaam aliwahi kumwomba amwombee safari njema, naye akamwombea vizuri kabisa. Msambazaji alikuwa bado anasema amina pale Mwalimu Linus alipofika na baiskeli, akasema, "Mke wangu, twende, mvua hiyo." Yule mgeni hakujua aangalie wapi.

Alizaliwa mwaka 1965 katika familia ya wakulima Wakatoliki, karibu na misheni nje kidogo ya mji wa Njombe. Uuguzi alisomea Bulongwa, Makete, kwenye hospitali ya Walutheri, na huko huko akaanzia kazi. Mwenyewe husema Bulongwa ilimfundisha kushona jeraha, kusema Kikinga cha kutosha kumgombeza mgonjwa, na kuimba sauti ya pili kwenye nyimbo za Kilutheri bila paroko wake kupata habari. Alipoolewa na Linus Mgaya, mwalimu wa shule ya msingi Kitandililo, akahamia huku kwetu, na mwaka 1994 akaja kuomba kazi kiwandani.

Wakati huo kiwanda kilikuwa misumeno miwili chini ya mabati. Mwenye mali, Mzee Obed Luvanda, alimpokea akiwa amesimama katikati ya maranda, akamuuliza swali moja tu.

"Unaogopa damu?"

"Damu siogopi," akajibu Sista. "Naogopa uchafu."

Mzee akampeleka kwenye chumba alichopanga awe anatibia watu. Kilikuwa stoo ya saruji, mifuko imepandana hadi dirishani. Sista akaangalia, akapitisha kidole kwenye rafu, akasema, "Saruji itoke, au nitoke mimi." Mzee hakuita kibarua. Alivua koti, akaanza kubeba mifuko mwenyewe begani, na kufikia saa sita chumba kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Sista anasema ndipo alipojua kwamba amepata bosi wa namna yake peke yake.

Habari za Sista hazielezeki bila kumweleza huyu mzee. Obed Luvanda alitokea vijiji vya juu, upande wa Bulongwa, akauza chumvi na sabuni kwenye magulio, akapata lori moja bovu, akalitengeneza, akapata la pili. Alipanda miti ya paini wakati majirani wakimcheka kwamba mtu mzima anapanda kitu atakachovuna akiwa hana meno. Aliivuna akiwa na meno yote, na kwa miti hiyo akajenga kiwanda kinacholisha familia nyingi kuliko mwajiri mwingine yeyote wa mtaa wetu.

Ukikaa kwenye mgahawa wowote karibu na stendi ya Makambako na kutaja jina lake, watakuja Luvanda wawili mezani. Mmoja ni mnyonyaji, aliyenenepa kwa jasho la watu, anayekuita mwanangu asubuhi na kukufukuza kabla ya chai. Mwingine ni shujaa wa maendeleo, mtu ambaye bila yeye Makambako ingekuwa mahali pa basi kusimama abiria wanunue viazi na kuendelea na safari. Watu wamenuniana kwa ajili ya Luvanda hao wawili. Ndugu wamekaa harusini meza tofauti. Sista Feliciana aliwasikia wote wawili chumbani kwake, mara nyingi kutoka kwenye mdomo mmoja, kati ya kuoshwa kidonda na kufungwa bandeji.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kubishana, alikuwa mtu wa kufanya. Chukua suala la ulanzi, ile pombe ya mianzi. Msimu wa mianzi ukianza, Jumatatu zetu zinajulikana. Mzee Luvanda ni mzee wa kanisa, na kwake mfanyakazi anayenuka pombe hana mazungumzo. Sista akaanza kusimama getini kila Jumatatu, akiwa na sweta lake la bluu, anasalimia "kamwene" huku anawaangalia watu machoni. Aliyemtilia shaka alimsimamisha kwa mguu mmoja. Aliyeyumba hakumpeleka ofisini wala hakumruhusu kukaribia msumeno. Alimpeleka jikoni kuchambua maharage mpaka saa sita. Matokeo yake, maharage ya Jumatatu yalikuwa masafi kuliko ya siku nyingine yoyote, na Mzee aliwahi kumsifu mpishi mbele ya watu wote bila kujua anamsifu nani.

Lakini jambo ambalo kila mfanyakazi wa kiwanda hiki anapaswa kulijua ni la mwaka 2007.

Ule ulikuwa mwaka wa kazi nyingi. Mijini kila mtu alikuwa anajenga, na plaiwudi yetu ilikuwa inapakiwa ikiwa bado na joto. Moyo wa kiwanda ni mashine ya kumenya: gogo linazungushwa mbele ya kisu kirefu, linamenywa kama kiazi, linatoka utepe mpana wa mti. Mbele ya kisu kuna wavu wa chuma unaozuia mikono isifike. Tatizo ni kwamba utepe ukikwama, lazima usimamishe mashine, ufungue wavu, utoe uchafu, ufunge, uwashe. Kwenye mwaka wa haraka, hiyo ni kazi ya kuchosha. Siku moja wavu ukatolewa, ukawekwa stoo, na amri ilitoka kwa Mzee mwenyewe.

Danieli Kilasi alikuwa mwendeshaji wa mashine hiyo, kijana wa Matembwe mwenye mikono myepesi, aliyeoa mwaka huo huo. Utepe ulikwama, akanyoosha mkono kuuchomoa kama alivyofanya siku zote, na kisu kikachukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sista alimfunga, akapanda naye gari, akamshika ule mkono juu njia nzima mpaka Njombe.

Hapo Luvanda wote wawili wakaonekana kwa wakati mmoja. Mzee alikwenda hospitali mara kwa mara, akakaa kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda, akalipia matibabu yote, na kule Matembwe akapeleka ng'ombe mwenye mimba kwa mke wa Danieli. Danieli alipopona na kurudi kazini, akakuta nafasi yake ina mtu. Mzee alikuwa na sheria yake ya zamani: anayeumizwa na mashine ameumizwa na uzembe wake, na mzembe harudi.

Mabishano yakawaka kuanzia uani mpaka stendi. Wengine walisema, "Kampa ng'ombe, mnataka nini tena?" Wengine wakajibu, "Kala vidole, katema ng'ombe." Sista aliacha wabishane, akaenda ofisini.

"Mzee," alisema, "rudisha wavu."

"Nimemtibu yule kijana," Mzee akajibu. "Baba yake mzazi asingefanya zaidi ya hapo. Mashine haina macho, Sista. Mwenye macho ni yeye."

"Mwenye macho aliondolewa wavu."

"Nenda kafunge vidonda. Hiyo ndiyo kazi niliyokuajiri."

Akaenda kufunga vidonda, na havikukawia kuja. Wiki iliyofuata utepe ulichomoka kwenye mashine ile ile ukampasua mkono aliyerithi nafasi ya Danieli, kutoka kiwiko mpaka kifundo. Sista alimshona. Alipomaliza akanawa mikono, akavuka uwanja na aproni yake nyeupe yenye damu, akaingia ukumbi wa mashine, akatupita sote, akabonyeza kitufe chekundu.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye ukumbi ule anajua kwamba zile kelele zikikatika ghafla, masikio yanauma. Mzee Luvanda akatoka ofisini na mabuti yake ya mpira, nusura akimbie.

"Nani amezima?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nimechoka kukuomba ruhusa ya watu kubaki na mikono yao."

Nilikuwa nimesimama karibu nao, naweza kusema kwamba hakuna aliyepandisha sauti. Mzee akasema, polepole, kwamba kuanzia dakika ile hana kazi kiwandani kwake, na kwamba avue aproni ya kiwanda aiache hapo.

"Aproni ni yangu," alisema Sista. "Niliishona mwenyewe."

Akatoka nayo. Kabla hajafika getini, mashine ilikuwa imewashwa tena.

Halikuwa jambo dogo kwake. Nyumba yao ya Kitandililo ilikuwa imeezekwa nusu, watoto wawili walikuwa bweni, na mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi tunaujua. Linus alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, halafu akasema, "Umefanya vizuri sana. Sasa chukua jembe." Wakalima. Sista ananiambia jioni alikuwa akikaa jikoni anajiuliza kama amewaponza wanawe kwa ajili ya watu ambao hata hawakumsindikiza. Asubuhi anaamka, anaona bado angefanya vile vile, anashika jembe.

Yaliyotokea kiwandani Jumapili iliyofuata tunayajua kwa kinywa cha Rodrick Mhema, fundi wetu mkuu wa wakati ule. Mzee alitoka kanisani akiwa na suti, akapita kumchukua Rodrick nyumbani, akamwambia afungue ukumbi wa mashine. "Washa," akasema. "Mnadhani nimekuwa mtu wa kukaa ofisini. Nataka nione hiyo mashine inamshindaje mtu makini." Akavua koti, akasimama kwenye nafasi ya Danieli, akaanza kumenya. Rodrick anaapa hajawahi kuona mtu akilisha gogo kwa ustadi ule. Gogo la kwanza, la pili, la tatu, utepe unatoka laini kama kitambaa.

Kisha likaja gogo lenye fundo. Utepe ukajikunja, ukaruka, ukanasa kifungo cha mkono wa shati lake. Rodrick akakiwahi kitufe. Mkono wa shati ulikwenda wote hadi begani, na mkono wa Mzee ukabaki, una mchubuko tu.

Mzee akakaa juu ya gogo. Alikaa muda mrefu, anasema Rodrick, akiuangalia mkono wake huku na huku kama kitu alichokiokota njiani.

"Ule wavu uko wapi?" akauliza mwishowe.

"Stoo, Mzee."

"Urudishe leo. Na mdomo wako uufunge."

Rodrick aliurudisha wavu siku hiyo hiyo. Kufunga mdomo aliweza mpaka Jumatatu asubuhi.

Siku chache baadaye Mzee aliendesha gari mwenyewe hadi Kitandililo. Alimkuta Sista shambani, naye Sista hakuliacha jembe. Mzee akamwambia wavu umerudi, kazi yake ipo. Sista akamshukuru, akamwambia ana masharti. Kwanza, muuguzi awe na mamlaka ya kuzima mashine yoyote, saa yoyote, bila kuomba.

"Unataka kuniendeshea kiwanda," alisema Mzee.

"Wewe kiendeshe, Mzee. Mimi nitakizima tu kikianza kula watu."

Mzee akacheka bila kutaka, akakubali. Sharti la pili lilikuwa Danieli arudi kazini. Hapo kicheko kikaisha. "Nikimrudisha mmoja, nitawarudisha wote," alisema. Sista akamjibu, "Basi warudishe wote." Mzee akapanda gari, akaondoka peke yake, vumbi likabaki juu ya viazi.

Sista hakuwa na nia ya kurudi. Aliyembadilisha ni Danieli. Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, mkono umefungwa kitambaa, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko, akakataa chai mpaka aseme alichokijia.

"Sista, rudi kazini."

"Bila wewe sirudi, mwanangu."

"Vyangu haviwezi kuota tena," alisema Danieli. "Lakini pale kuna wenzangu wana vidole kumi. Ukikaa huku kwa ajili yangu, siku mmoja wao akikatwa nitasema ni mimi niliyemkata."

Sista alilia, na yeye ndiye aliyeniruhusu niliandike hilo. Jumatatu akarudi na aproni yake. Wavu haujatoka mahali pake tangu siku hiyo, na kitufe chekundu amekibonyeza mara nyingi, mara moja kwa sababu mwendeshaji alikuwa anapiga chafya mfululizo.

Suala la Danieli hakuliacha. Mzee alianza kuugua presha, akawa anakuja kupimwa kila Jumatatu, na kila Jumatatu Sista alimfunga ule mpira mkononi, akapampu, na kabla ya kusoma kipimo akauliza, "Danieli je?" Mzee alisema hapana, au alisema atakwenda kupimwa kwa muuguzi mwingine. Wiki zikawa miezi. Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza. Asubuhi moja Mzee aliingia, akakaa, akanyoosha mkono, akasema kabla hajaulizwa, "Aanze kesho. Uani, kupokea magogo. Haya pima, maana presha yenyewe unanipandishia wewe." Hakueleza sababu, wala Sista hakuitafuta. Alipima, akaandika, akamwambia apunguze chumvi. Danieli Kilasi leo ni msimamizi wa uwanja wote wa magogo, na waliofuata kuumia baada yake walipewa kazi nyingine badala ya kuonyeshwa geti.

Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimempendelea Luvanda mmoja kati ya wale wawili wa mgahawani. Sista mwenyewe amenionya nisifanye hivyo, kwa hiyo niseme na la mwaka 2014.

Mwaka huo ukumbi wa kubania plaiwudi uliungua mchana kweupe. Watu wote walitoka salama, shukrani kwa mazoezi ambayo Sista alikuwa ametulazimisha kuyafanya huku tukinung'unika. Lakini mashine za kubania zilikuwa majivu na vyuma vilivyopinda. Kila mtu aliyejua hesabu alimshauri Mzee afunge, auze magogo yake yakiwa magogo, astarehe. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuulizana nani ana ndugu kwenye viwanda vya mbao vya Mafinga.

Mzee alitukusanya uani na kutuambia hakuna anayeondoka. Aliuza malori. Akauza na nyumba yake ya Dar es Salaam. Mpaka mashine mpya zifike, alitupakia kwenye lori lililobaki akatupeleka Matembwe, kwenye mashamba yake, tukapande paini. Mishahara ilichelewa, wakati mwingine ilikuja ikiwa nusu, lakini ilikuja. Tulipanda miti msimu mzima wa mvua, kwenye ukungu na baridi ya kukausha vidole, na mzee wa miaka sitini na kitu alikuwa anabeba trei za miche pamoja nasi, anateleza, anaanguka, anainuka na matope, anaendelea.

Sista alihamia huko na hema lake, akitibu malaria, minyoo na miguu iliyochubuliwa na mabuti. Akamzalisha mke wa mlinzi wa shamba nyuma ya lori la miche, mtoto wa kike, ambaye jina lake la nyumbani hadi leo ni Paini. Siku moja wakati wa chakula, wote wakiwa wamelowa, alimuuliza Mzee kwa nini hakufunga kiwanda.

"Kufunga ni kazi ya asubuhi moja," alisema Mzee, akipuliza kande zake. "Watu hawa ukishawatawanya, utawakusanya lini tena?"

Sista akamwambia kwamba maneno hayo angewaambia wafanyakazi yangewafurahisha. Mzee akasema, "Wapande miti." Basi.

Sitayataja mafanikio yake yote, kwa kuwa ubao wa matangazo umejaa picha na kila mmoja ana la kwake la kusimulia. Lakini kila kitengo sasa kina mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Barakoa za vumbi, ambazo zamani tulizivaa shingoni kama tai, tunazivaa puani. Akina mama wanaonyonyesha wana chumba chao chenye mlango unaofungwa. Tangu Peace Luvanda alipopokea uongozi kutoka kwa baba yake mwaka 2019, hakuna mashine mpya inayonunuliwa bila Sista kuizunguka kwanza, akiinama kuangalia mikono itapita wapi.

Mwezi uliopita, wakati wa chai, Brightness alimuuliza lile swali la mgahawani. Ni binti msomi, hana mwaka kiwandani, na nadhani alitaka kujua anarithi kazi ya nani.

"Sista, nikueleze ukweli? Huku nje wananiambia naenda kumtumikia mnyonyaji. Mama yangu ananiambia nina bahati, yule mzee ni baraka. Mimi nishike lipi?"

Meza nzima ikaacha kutafuna. Sista akamalizia chai yake.

"Kiwanda alijenga yeye," alisema. "Vidole ni vya Danieli. Ukisimulia, visimulie vyote viwili, usifiche hata kimoja. Na matajiri ninyi mnawauliza swali lisilo lao. Mnaangalia wana nini, wametoa nini. Mimi naangalia mtu anafanya nini siku akiambiwa hapana. Huyu nilimwambia hapana akanifukuza. Halafu akaenda kufikiri. Wapo wanaofukuza tu. Kwa hiyo wewe, binti yangu, kazi yako ni kumwambia hapana mapema, tena kwa sauti ambayo ataisikia mpaka huko kwake anakokwenda kufikiri."

Brightness akauliza kama na Peace aambiwe hivyo hivyo. "Huyo ndiye hasa," alisema Sista. "Yeye kasoma, ana maneno mengi ya kukukubalia."

Peace alikuwa amekaa meza ya pili. Alicheka kuliko sisi sote.

Limebaki moja, kisha niwaache mwende kwenye chakula. Kabla sijapewa kazi hii, rasimu ya kwanza ya habari hii ilitoka ofisini ikiwa imeandaliwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na sentensi isemayo kwamba mwaka 2007 Mzee Obed Luvanda, kwa maono yake, alianzisha mpango wa usalama wa wafanyakazi akisaidiwa na muuguzi wa kiwanda. Sista alisoma, akavua miwani, akasema kama ndivyo itakavyosomwa, yeye siku hiyo atakuwa shambani. Sisi wa kamati tukababaika. Peace akasema sentensi ile inamhusu baba yake, na mwenye kuamua ni baba yake. Akaichukua, akampelekea nyumbani.

Mzee siku hizi hatoki sana, na macho yamepungua nguvu. Peace alimsomea habari yote, Mzee akiwa anaota jua barazani. Ilipofika sentensi ile, Mzee akamwambia asome tena. Akasoma tena.

"Hilo nani kaandika?" akauliza.

"Ofisi, baba. Kwa heshima yako."

"Futeni," alisema Mzee Luvanda. "Andikeni kwamba nilimfukuza. Andikeni alikuwa na haki na mimi nilijua alikuwa na haki wakati namfukuza. Halafu mtume gari zuri linichukue siku hiyo, nataka niwe nimekaa pale mbele wakati inasomwa."

Basi imeandikwa kama alivyotaka, na leo yuko mbele pale, kiti cha kwanza, karibu na Danieli.

Sista Feliciana, umetufunga vidonda, umetusimamisha kwa mguu mmoja, na umeturudisha nyumbani kila jioni tukiwa na mikono yetu ya kuwashika watoto. Asante kwa yote. Asante Mwalimu Linus kwa kutuazima mkeo muda wote huu. Nenda kapumzike Kitandililo, viazi vikubali, magoti yasikusumbue, wajukuu wakuachie usingizi. Tunakutakia siku ndefu na njema.

Elius Mwalongo
Kitengo cha Kubania, kwa niaba ya wafanyakazi wote